Sweta la Mzee Lililochemshwa

Sufu haichemshwi. Mimi niliishia darasa la tatu, nasoma kwa kufuata kidole, lakini hilo nalijua kama ninavyoijua njia ya kwenda mtoni. Sufu ni nywele. Ikikutana na maji ya moto inajikunyata, nywele zinang'ang'aniana, na zikishang'ang'aniana hakuna fundi wala mganga. Nimewafundisha wanawake wengi hapa Munisagara, na sikuwafundisha kwa upole. Maji ya baridi. Sabuni unaiyeyusha kwanza kwenye kikombe, huisugui juu ya nguo. Unabonyeza, unaachia, unabonyeza, unaachia. Hufikichi, hukamui. Ukimaliza unalikunja sweta ndani ya taulo, unalikalia kidogo liteme maji, halafu unalilaza kivulini juu ya mkeka, mikono umeinyoosha kama ya mtu aliyelala. Ukilitundika kwenye kamba, maji yanavuta chini na mabega yanaota masikio.

Yote hayo nayajua. Na bado sweta la mume wangu lilichemshwa uani kwangu, kwenye sufuria ya msiba, mimi nikiwa ndani hatua kumi kutoka mafigani, sina homa, mdomo ninao.

Sweta lenyewe nililifuma kwa mkono wangu. Mume wangu alikuwa mtu wa gengi la reli, wale wanaotengeneza njia ya treni. Alfajiri za mwezi wa sita ukungu unashuka kwenye bonde letu mpaka huoni mataruma, na yeye anatoka na nyundo begani na fulana moja imetoboka. Nikaona huyu atakufa ananiachia watoto. Sasa uzi wa sufu wa kununua hapa kwetu utaupata wapi? Kondoo wanaoletwa na wafugaji kutoka Msowero wana manyoya mafupi kama mbuzi. Unaweza kumnyoa huyo kondoo mpaka ukafika kwenye mbavu hujapata soksi moja. Kwa hiyo tunafanya hivi. Unakwenda mnadani, unapekua mtumba, unatafuta sweta la Ulaya lililotoboka kiwiko. Unalifumua. Uzi unauzungusha kwenye miguu ya kigoda, unaulowesha upate kunyooka, unafuma upya. Sindano zangu ni spoku za baiskeli, nilizisugua kwenye jiwe mpaka zikachongoka.

Na sufu ya kweli ina kipimo chake. Unachoma ncha ya uzi kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inaacha majivu. Ya uongo inayeyuka, inafanya tone gumu jeusi, ni plastiki hiyo.

Nilipata masweta mawili ya sufu, ya kijivu. Yakatosha kifua, mgongo na mkono wa kushoto. Mkono wa kulia na ukanda wa kiunoni nikakwama. Nikarudi mnadani mara tatu, nikapata la tatu, rangi ileile, laini hilo! Nyumbani nikachoma ncha. Likafanya tone. Nililitazama lile tone, nikalitupa majanini, nikafuma.

Mume wangu alilivaa akalipenda. Watu wakauliza, nikajibu, "Sufu tupu." Kanisani nikajibu sufu tupu. Miaka na miaka sufu tupu. Kuna mwanamke mmoja wa ukoo wa watani wetu, rika langu, mdomo wake kama tarumbeta, aliwahi kunibana mbele ya watu: "Wewe sufu umeitoa wapi, umemnyoa nani?" Tulibishana mpaka sauti zikakauka, na nilishinda mimi. Mtani kwetu ni mtu wa kukutukana, kukuchukulia kuku na kukucheka kwenye msiba wako, na huruhusiwi kununa. Lakini kushindana naye kwa maneno unaruhusiwa, na mimi sikuwahi kushindwa.

Mwaka huu, masika yakiwa yamechachamaa, mume wangu alianza kukohoa. Tulimpeleka Kilosa hospitali, akakaa siku chache, akafa.

Hapa lazima niseme habari ya mwanangu wa kwanza, maana sweta hili litakuwa lake kabla sijamaliza kulieleza. Mwanangu huyu aliacha shamba. Baba yake alikuwa amemkatia kipande kizuri karibu na mto, cha mahindi na vitunguu. Yeye akasema anakwenda Mikumi kuendesha magari ya wageni wanaoangalia wanyama. Baba yake akamwambia, "Unaacha shamba kwenda kuwaonyesha watu tembo? Basi usikanyage hapa mpaka nikuite." Mtoto akaenda, akaoa hukohuko mwanamke mwenye saluni ya kusuka, wakazaa. Baba hakuita. Mtoto hakuja. Mimi nilikuwa nawaendea Mikumi kwa pikipiki, kupitia Zombo, kiuno kikilia njia nzima, na nikirudi mzee haulizi kitu. Moyoni nilimlaumu yule mkwe. Nilijiambia kwamba ndiye aliyemshika mwanangu kama kupe.

Siku ya mazishi mto ulikuwa umefunika daraja. Mwanangu na mkewe walifika udongo umeshapandishwa tuta. Alisimama pale na viatu vyenye matope mkononi, hakuna aliyemsemesha. Nilisikia kwa masikio yangu mzee mmoja akisema, "Baba hakumwita akiwa hai, hakumwita akiwa maiti."

Na yule mtani wangu naye hakukosa. Alikuwa amelivaa sweta la marehemu tangu asubuhi, anatembea kama yeye, mguu mmoja anauburuta, anakohoa, anaita, "Mke wangu, chai iko wapi? Chai yenyewe ina sukari ya kuhesabu!" Watu walicheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani. Ila kaburini akajitupa kwenye ule udongo mwekundu uliolowa, akagaagaa, "Nizikeni na mimi, nani atanitukana sasa!" Alipoinuka, sweta halikuwa la kijivu tena. Lilikuwa tofali.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Siku ya kuanua tanga, nguo ya mwilini ya marehemu anavalishwa mtoto wa kwanza, mbele ya ukoo na watani. Ikimkaa vizuri, watu wanasema baba amempokea. Isipomkaa, watani wanapata neno, na neno la mtani siku ile halifutiki. Utalisikia kwenye pombe miaka kumi. Mwanangu na baba yake walikuwa na urefu mmoja na mabega mamoja. Kuita baba yake hakumwita, lakini sweta lingemwita. Nililiwekea tumaini langu lote hilo sweta. Tanga lilipangwa siku ya saba.

Na mjane kwetu hagusi kazi mpaka tanga lianuliwe. Hafui, hapiki, hafagii. Anakaa ndani kwenye mkeka, analetewa. Kwa mtu kama mimi hicho ni kifungo.

Asubuhi ya pili mkwe wangu akaingia, akapiga goti. Sweta ameliweka juu ya ungo kama mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, hili sweta la baba nalifuaje?"

Neno moja tu lilitakiwa hapo. Baridi. Ningesema "maji ya baridi," ningekuwa nimemaliza. Lakini nilimtazama, kucha zimepakwa rangi, nywele zimesukwa za kuning'inia, nikakumbuka mwanangu amesimama kaburini na viatu mkononi.

"Kwani kwenu hamfui?"

"Tunafua, mama, ila nauliza."

"Mwanamke mwenye watoto watatu anauliza kufua! Haya, Mikumi nako kuna mambo."

Akainama, akatoka na ungo wake.

Saluni wana taulo. Taulo za saluni zinachafuka mafuta na dawa, na wao wanazichemsha kwa sabuni ya unga mpaka zinakuwa nyeupe. Huyu mtoto wa watu alitaka kunionyesha kwamba anajua kufua. Akawasha moto mkubwa. Mimi ndani naambiwa pole na wageni, nasikia kuni zinapasuka, nikadhani ni maharage. Halafu harufu ikaingia. Harufu ya mbwa aliyenyeshewa mvua, lakini ya moto. Nikajua.

"Mnapika nini huko?" nikapiga kelele.

"Tunafua mama!" akajibu kwa furaha. "Udongo unatoka wote!"

Ukatoka wote, kweli. Alipoliingiza ndani lilikuwa safi kuliko siku niliyolifuma. Lakini lilikuwaje! Kifua kilikuwa kimekuwa cha mtoto wa darasa la nne, kigumu kama tandiko la punda, macho ya kufuma huyaoni. Mkono wa kushoto umekuwa kama soksi. Mkono wa kulia unaning'inia vilevile, mrefu, laini, haujali. Na ukanda wa kiunoni umebaki na upana wake, umesimama pembeni marinda marinda kama gauni la kipaimara. Ungesema ni nguo ya watu watatu wasiojuana.

Mkwe akaanza kulia. "Mama, mbona upande mmoja tu?"

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa na matusi tayari, yamepangana mdomoni. Lakini swali lake lilikuwa zuri mno na jibu lake nilikuwa nalijua mimi peke yangu duniani.

"Funga mlango," nikamwambia.

Tulikuwa na siku tano. Yeye akasema anaweza kulilainisha. Akatoa kwenye mkoba wake chupa ya dawa ya nywele, wao wanaiita kondishena, inanuka maua. Nikasema, "Hilo lidude lako la kunukia unataka kulipaka sweta la marehemu? Alikuwa mtu wa nyundo yule!"

"Mama, wewe si ulisema jana kwa wageni sufu ni nywele? Nywele zikishikana ndivyo tunavyoziachanisha."

Nikamsogezea beseni kwa mguu. Akalilowesha humo, maji ya uvuguvugu na dawa yake, akaliacha. Tukalitoa, tukalilaza juu ya mkeka chumbani, yeye anavuta huku mimi navuta kule. Mjane hafanyi kazi. Nilijiambia kuvuta si kufua. Unavuta kidogo kidogo, kwa kiganja, si kwa vidole, maana kidole kinaacha tundu. Kila tukipata upana wa ukucha tunabana pembeni kwa vibanio vya nywele tulivyochomeka kwenye mkeka. Vingine vilikuwa na vipepeo vya rangi. Kifua cha mume wangu kimezungukwa na vipepeo.

Mvua haikuacha. Sweta halikauki, ukilivuta linarudi. Usiku mmoja tu linasinyaa nusu ya tulichokipata mchana. Siku ya tatu linanuka ukungu. Nikasema tulianike kwenye moshi, mkwe akasema litanuka moshi. Nikasema mume wangu alinuka moshi maisha yake yote. Tukagombana hapo kwa minong'ono, watu wasisikie, kugombana kubaya kuliko kote. Mwishowe tuliliweka karibu na mafiga yaliyopoa, yeye akilipepea kwa mfuniko wa ndoo.

Siku ya nne kifua kikawa kimerudi kiasi cha kumtosha mtu mzima mwembamba. Mkono wa kushoto ukagoma. Uliishia chini kidogo ya kiwiko na hapo hapo ukakaa. Nikafikiri: nitaufumua, nifume upya. Nikatafuta mwanzo wa uzi kwa ncha ya spoku. Hakuna uzi! Umeshakuwa kitu kimoja, kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Niliisokomeza ile spoku kwenye mkeka nikalia, si kilio cha msiba, kilio cha hasira.

Basi nikafumua ukanda wa kiunoni, ule wa marinda, niufume mwembamba zaidi. Ule ulifumuka vizuri, teremka tu. Mkwe akawa anauzungusha uzi mkononi. Akasimama. Akauvuta, akausugua kwenye shavu.

"Mama. Huu uzi mbona ni kama rasta za bandia?"

Nikaendelea kufumua.

"Rasta tukimaliza kusuka tunachovya ncha kwenye maji ya moto, hazifanyi kitu, zinatulia tu. Ndiyo maana huu mkono..."

"Zungusha uzi," nikasema.

Akauzungusha. Kila mara nikiinua macho nakuta ananiangalia, na nikimwangalia anatazama uzi.

Siku ya saba jua likatoka, jua lile la baada ya mvua linalochoma kisogo. Watu wakajaa uani. Mwanangu akaitwa katikati, akakalishwa kwenye kigoda. Yule mtani wangu ndiye mwenye kazi ya kuvalisha. Akalikunjua sweta akalinusa.

"Eh! Marehemu ameanza kujipaka mafuta ya maua huko aliko?"

Watu wakacheka. Akamvisha mwanangu. Kichwa kikapita. Mkono wa kulia ukapita sawasawa mpaka kwenye kifundo. Kifua kikambana, akajikaza. Mkono wa kushoto ukafika kwenye kiwiko ukakwama. Mtani akavuta. Akavuta tena, akaweka mguu kwenye kigoda akavuta, watu wanaangua vicheko. Halafu akaiinua mikono yote miwili ya mwanangu juu, mmoja umevaa, mmoja uchi.

"Tazameni! Mkono huu baba anasema karibu, mkono huu anasema rudi Mikumi! Mzee kamkataa!"

Walicheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Mwanangu alikuwa anatazama miguu yake. Hakushusha mikono hata ilipoachiwa. Aliisahau hapo hewani. Yule mzee wa siku ya mazishi akatikisa kichwa kama mtu aliyepata alichokitarajia. Halafu sauti ya mwanamke nyuma ikauliza, "Kwani lilifuliwa na nani?"

Macho yote yakamwendea mkwe. Alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Angesema maneno mawili tu, "ni plastiki," aibu yote ingenihamia mimi. Aliinamisha uso juu ya vikombe.

Nilisimama.

"Mtani, funga domo lako."

"Mjane hasemi!" akanijia juu. "Kaa chini, mjane!"

"Leo anasema. Hakuna aliyekataliwa hapa. Sweta limechemshwa. Huyu mkwe wangu aliniuliza linafuliwaje, goti alinipigia, mimi nikamfanyia dharau nisimwambie. Maji ya moto yamekula sufu. Na mkono huo wa kulia haukuliwa kwa sababu..." Mnajua neno linavyokuwa zito? "Kwa sababu si sufu. Ni plastiki. Nilijua ni plastiki siku ninaifuma."

Kuku alipita katikati ya watu.

"Na kama mnataka neno la baba yake, mniulize mimi niliyelala naye. Kila pikipiki iliyosimama nje alikuwa anainua kichwa kwenye mto, anauliza, 'Ya Mikumi hiyo?' Kumwita hakumwita kwa kuwa alikuwa mkaidi kama jiwe la reli. Mimi namwita sasa. Nani ana la kusema?"

Aliyekuwa na la kusema alikuwa mtani, nani mwingine.

"Plastiki!" Alijipiga mapaja. "Jamani, miaka yote hii nalala naumwa kichwa, nimeshindwa na mwanamke wa plastiki! Faini! Jogoo!"

"Chukua."

"Wawili!"

"Chukua uondoke nao."

Watu wakacheka upya, lakini safari hii walinicheka mimi, na nilikaa nikavumilia kama anayechomwa sindano. Yule mzee alisafisha koo. Akasema, kwa shida, kwamba kama ni maji ya moto basi ni maji ya moto, mtoto ni wa baba yake, aletewe chakula. Tanga likaanuliwa.

Tangu siku ile naitwa Mama Plastiki. Mpaka watoto wa shule wananiamkia hivyo, "Shikamoo bibi Plastiki," na kwa kuwa wameamkia inabidi niitike marahaba.

Siku ileile mwanangu alikuja akakaa mkekani karibu yangu, na sahani ya wali na maharage, sweta mwilini. Jua linawaka. Mkono mmoja umevaa mpaka kwenye kifundo, mwingine umembana kiwikoni kama kamba ya mganga. Jasho linamwagika.

"Vua hilo," nikamwambia.

"Acha kwanza, mama."

"Jasho linaozesha sufu. Na nondo wanalifuata jasho. Vua, nitalilaza kivulini."

"Sufu ni upande gani nimeshasahau?"

Mkwe wangu akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nilimtolea macho mpaka akageuka kuelekea ukutani, mabega yanatikisika.

Hakuvua. Alikula akamaliza, akaomba aongezewe maharage, akala tena taratibu, jasho likimtoka nyuma ya masikio, likiteremka shingoni, likiingia kwenye sufu yangu tone baada ya tone. Na mimi nimekaa namtazama, siwezi kumfanya lolote.